Wifi kajifungua kwa operesheni, nakwenda Newala kumsaidia. Nijipange vipi?

Habari wadau. Wifi yangu karuhusiwa jana, mtoto wa kwanza. Kaka anarudi kazini Jumatatu, na mama yangu anasisitiza amkande wifi tumbo kwa maji ya moto. Naomba ushauri wa vitendo.

Nesi Mstaafu: Hongereni. Kumkanda acheni kabisa. Ngozi ya pembeni ya mshono huwa na ganzi, ataungua bila kuhisi, na kubonyeza kunaweza kufumua kidonda. Aoge maji ya uvuguvugu, mshono ukaushwe kwa kitambaa safi, usipakwe kitu. Na mama yako usigombane: nendeni wote kliniki, asikie kwa mhudumu, kisha mkabidhi jiko. Uji wa mtama wenye ufuta uliosagwa, mbaazi, samaki.

BintiNachingwea: Kazi kubwa ni kunyonyesha, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Mtoto apanue mdomo kama anayepiga miayo, kidevu kiguse titi, weusi mwingi unaozunguka chuchu uingie mdomoni, hasa wa upande wa chini. Akishika chuchu tu, chuchu inachanika, maziwa hayatoki, titi linajaa na kuwa gumu. Hapo ndipo ndugu husema "hana maziwa" na glukosi inaletwa! Msimpe, wala maji. Kwa sababu ya mshono, mtoto apakatwe kwapani, miguu ikielekea nyuma ya mama. Kuanzia siku ya 5 hesabu nepi zenye mkojo: zikifika 6 kwa siku, anashiba.

Korosho Karanga: Maji ya Newala mnayajua yalivyo ya shida, jaza madumu mapema, maana nepi hazisubiri. Kitovu kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Mama na mtoto walale ndani ya chandarua. Mgeni mwenye mafua asimbebe mtoto.

Muulizaji: Ahsanteni. Dalili zipi zisisubiri asubuhi?

Nesi Mstaafu: Mama: pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja, homa, usaha au harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Hilo la kichwa liangalieni hadi wiki ya 6, kifafa cha mimba huja hata baada ya kujifungua. Mtoto: kukataa kunyonya, degedege, joto la 37.5 au zaidi, mwili kupoa, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, viganja na nyayo kuwa njano, wekundu kuzunguka kitovu. Namba ya dereva wa bajaji anayeamka usiku iwekeni kwenye simu leo.