Wazee wakiwa wengi kuliko vijana, viwanda vitamuuzia nani?

Swali_Moja:
Wakuu habari zenu, kuna jambo linanisumbua. Japani karibu watu 3 katika kila 10 wameshavuka miaka 65, na kila nikisoma naona wanasema uchumi unadorora sababu wazee hawanunui. Sasa mzee si bado anakula, anavaa, anatibiwa? Hiyo hela inapotea au inahama tu? Na kiwanda kifanyeje, kifunge?

Mzani:
Inahama mkuu. Kijana anaanza maisha ananunua vyote kwa mkupuo, kitanda friji jiko, mtoto akija ndo usiseme. Mzee friji anayo na atakaa nayo mpaka ife, hela yake inaenda kwenye dawa, mtu wa kumsaidia nyumbani, fundi wa kuweka vishikio bafuni asiteleze, yani inatoka kwenye vitu inaingia kwenye huduma. Kilichonishtua ni Oji Holdings ya hukohuko Japani, 2024 waliacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la ndani wakaelekeza nguvu kwenye nepi za watu wazima. Hawajafunga, wamegeukia mteja aliyepo.

Kibubu:
Kuna na hofu pia. Modigliani, yule mchumi wa Nobel ya 1985, alisema mtu anaweka akiba akiwa kazini halafu anaila akistaafu. Lakini wazee wengi hawaigusi kiasi hicho maana hujui utaishi miaka mingapi wala utaumwa nini. Pensheni ikiwa ya uhakika na gharama za matibabu zikijulikana, mkono unalegea. Mi naona hapo ndo penye tatizo kubwa kuliko umri wenyewe.

Binti_Mlezi:
Mi namtunza mama ana miaka 78 na nawaambia ukweli viwanda vingi bado vimelala. Juzi nimemkuta na chupa ya dawa ya presha, kile kifuniko cha kuzuia watoto wasifungue, cha kubonyeza huku unazungusha, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, kahangaika weee mwisho kaiweka mezani kaenda kulala bila kumeza. Maelezo yenyewe herufi kama mayai ya chawa. Hela ya dawa anayo, kufungua ndo hawezi! Inaniuma sana.

Gia_ya_Tatu:
Pole sana dada. Halafu hata wanaotengeneza nao wanazeeka. BMW kiwanda cha Dingolfing Ujerumani, 2007 walichukua laini moja ya uzalishaji wakaweka wafanyakazi wa umri mkubwa, wakauliza wenyewe nini kinawaumiza, wakabadilisha vitu kama 70 hivi, sakafu ya mbao magoti yapumzike, viti, lenzi za kukuza. Gharama ilikuwa kama euro 40,000 tu na uzalishaji ukapanda asilimia 7 ndani ya mwaka.

Swali_Moja:
Kumbe ilikuwa ni kuwauliza tu. Binti_Mlezi, mwambie mfamasia akuwekee kifuniko cha kawaida cha kuzungusha, wengine wanabadilisha ukiomba, ila kama kuna watoto hapo nyumbani iweke juu kabisa.