Ushauri: Nalima mboga bonde la Msimbazi, nahofia risasi na kadimiamu

MamaBustani
Habari zenu wanajukwaa. Nalima mchicha, matembele na bamia kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam. Wateja wangu ni mama ntilie na majirani wenye watoto wadogo. Juu ya bustani kuna gereji na mahali wanapofungua betri kuukuu za magari, na mvua ikinyesha maji yao yanateremka hadi kwangu. Binti mmoja wa chuo alikuja kuchukua majani ya utafiti, akanieleza kwamba risasi (ile metali ya kwenye betri) na kadimiamu, nayo metali yenye sumu, zimeshapatikana kwenye mboga za bonde hili. Tangu siku hiyo sina amani, ingawa mchicha wangu umestawi vizuri tu. Niache? Nipime? Au kuna mbegu isiyonyonya hizo sumu? Ada za wanangu zinatoka hapo hapo.

Kijana wa Kibaha
Pole dada. Panda alizeti misimu miwili, inafyonza sumu yote. Ukivuna, bua unapikia.

UdongoMoro
Kijana, hapo hapana. Alizeti hufyonza kidogo kidogo, na udongo ulioshiba risasi unaweza kuchukua miongo mingi. Ukichoma bua lililobeba metali, zinabaki kwenye majivu au zinapanda na moshi jikoni.

Dada, kustawi kwa mchicha si ushahidi. Mmea unaweza kubeba kadimiamu nyingi na jani lisinyauke. Tofautisha hizi mbili: risasi haipandi sana ndani ya mmea, nyingi hukaa kwenye vumbi na tope lililoganda juu ya jani, kwa hiyo kuosha kunasaidia. Kadimiamu hupitia mizizi ikaingia ndani ya jani lenyewe, hata ukiosha mara ngapi. Udongo wenye tindikali ndio unaoiachia zaidi, kwa hiyo chokaa ya kilimo ikipandisha pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) hadi 6.5 au 7, pamoja na mboji nyingi, hupunguza. Haimalizi.

Pima kwanza. Chota udongo wa juu, sentimita 20, sehemu nyingi za shamba, changanya, peleka kama kilo moja. Maabara ya udongo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano, Tanga, waulize kama wanapima metali nzito na kwa bei gani. Taja risasi, kadimiamu na kromiamu kwa majina, maana kipimo cha rutuba hakizionyeshi. Peleka na majani: kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo.

Baba Neema
WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini iliyokwisha kuingia ardhini kando ya barabara haijaondoka. Nakuomba dada, usiwauzie wenye watoto mpaka upate majibu.

MamaBustani
Asanteni sana. Na mbegu je? Bamia nayo niing'oe?

UdongoMoro
Mbegu ipo kwa mpunga. Wajapani waliteswa na kadimiamu ya mgodi wa Kamioka iliyoingia mto Jinzu mpaka kwenye mashamba ya mpunga huko Toyama. Watu walivunjika mifupa kwa ugonjwa wa itai-itai. Mwaka 2012 watafiti wao walitangaza aina ya mpunga wa Koshihikari waliyoipata kwa kupiga mbegu miale ya ioni: jini moja, OsNRAMP5, likaharibika na mlango wa kadimiamu kwenye mizizi ukafungwa. Natamani sana tupate mchicha wa namna hiyo, ila dukani hutaukuta.

Bamia iache kwanza, maana matunda kwa kawaida hubeba metali kidogo kuliko majani, lakini nayo ipime. Matembele na mchicha hamishia kwenye viroba, ukijaza udongo uliotoka mbali na bonde na barabara. Usimwagilie maji ya mto. Kama una kisima, chukua na chupa ya maji yake kwenye safari hiyo hiyo ya maabara, na uchimbe mfereji wa kukinga maji ya gereji kabla ya masika.