Je, Grazia alimjua Mauti tangu mwanzo? Swali kuhusu Death Takes a Holiday (1934)

MpenziWaFilamuKongwe
Ndugu wanajukwaa, nimeitazama tena filamu hii ya Mitchell Leisen, na bado mwisho wake unanisumbua. Kwa wasioijua: Mauti, anayetaka kufahamu kwa nini wanadamu wanamwogopa, anajivika umbo la mwanamfalme aitwaye Sirki na kukaa siku tatu katika jumba la Lambert, kabaila wa Italia. Siku hizo zote hakuna anayekufa, na hata maua hayanyauki. Grazia, ambaye Corrado mwana wa Lambert anataka kumwoa, anampenda mgeni huyo. Mwishoni Mauti anajifunua ili binti huyo aingiwe na hofu na kubaki na jamaa zake, lakini Grazia anamjibu kwamba haoni badiliko lolote, kwa kuwa amemwona hivyo siku zote. Je, tuelewe kwamba alimjua tangu walipokutana? Na kama alimjua, huo ni ushindi wa mapenzi, au ni binti mzima wa afya anayekwenda kufa mbele ya mama yake?

KaaKitiChaMbele
Kwa maoni yangu alimjua, na ushahidi uko kwa Alda, si kwa Grazia mwenyewe. Alda ni mwanamke mkomavu anayevutiwa na Sirki na kumwambia waziwazi kwamba anampenda, lakini Sirki anapomruhusu kumtazama machoni na kuona kilicho ndani, anaingiwa na hofu kuu na kukimbia. Mwongozaji ametuonyesha mapema jinsi anavyofanya mtu aliyependa umbo la nje peke yake. Grazia anapopewa mtihani ule ule na asishtuke, hatuhitaji maelezo zaidi. Tena mtazame kabla Sirki hajafika: anasitasita kuhusu ndoa na Corrado, kana kwamba anasubiri jambo ambalo hawezi kulitaja. Evelyn Venable, anayemwigiza Grazia, ameigiza hayo kwa utulivu mkubwa, na sauti yake ndiyo iliyotumiwa baadaye kwa malaika wa buluu katika filamu ya katuni ya Pinocchio ya mwaka 1940.

MsomajiWaUsiku
Nakubaliana na ndugu hapo juu kuhusu Alda, lakini naona uzito wa filamu uko kwa Mauti mwenyewe. Sisi tuliokulia katika habari za Izraili tunamjua malaika anayetumwa, asiyetoa roho ila kwa amri. Huyu anayeigizwa na Fredric March ana hiari, na mwenye hiari anaweza kulaumiwa. Ndiyo maana onyesho ninalolithamini kuliko yote ni lile ambamo Lambert anamsihi amwache Grazia, na Sirki, ambaye amefika kwa majivuno ya mtu asiyewahi kukataliwa na yeyote, anaonja kwa mara ya kwanza uchungu wa kuachana na umpendaye. Kama Grazia asingemjua, Mauti angekuwa mwizi tu, na mapenzi yake yasingekuwa na thamani yoyote. Kwa hiyo jibu la Grazia ni la lazima: linamfanya yeye kuwa ndiye anayechagua.

MwanafunziWaTamthilia
Inafaa kukumbuka kwamba chanzo chake ni tamthilia ya Mwitalia Alberto Casella ya mwaka 1924, iliyoandikwa upya kwa Kiingereza na Walter Ferris kwa ajili ya jukwaa la Broadway, New York, mwaka 1929. Italia ilikuwa imetoka katika Vita Kuu ya Kwanza miaka michache tu kabla ya hapo, na watazamaji wengi walikuwa wamezika vijana wao. Kwao, kumpa Mauti sura ya kibinadamu lilikuwa jambo zito. Maneno ya mwisho ya Sirki pia yana mwangwi wa Biblia: upendo unaoifukuza hofu ni wa Waraka wa Kwanza wa Yohana, na upendo wenye nguvu kama mauti ni wa Wimbo Ulio Bora. Filamu ilipofanywa upya mwaka 1998 kwa jina la Meet Joe Black, Mauti aliondoka na baba mzee, na binti akaachwa hai. Filamu hiyo ina urefu wa karibu saa tatu, na ile ya Leisen dakika 79, lakini ni Leisen aliyethubutu kufuata hadithi hadi mwisho wake.

MpenziWaFilamuKongwe
Nawashukuru nyote. Kuhusu Alda nimeridhika kabisa: Grazia alimjua. Kuhusu mama yake bado siridhiki, kwa sababu hiari ya binti haimwondolei mama msiba, na filamu inamwacha ukumbini bila neno hata moja la faraja.