Mrejesho: yule wa Kondele aliyeuliza kama aache kuandika

Hamjambo tena. Niliuliza kama niache kuandika, baada ya mjomba kuwasomea wageni hadithi yangu kwa sauti ya mzaha mpaka sebule nzima ikacheka. Wengi mlisema nitafute msomaji asiye wa ukoo.

Nimempata, tena si mwalimu. Ni mama anayeuza samaki Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Nilimsomea ile ya mvuvi aliyenaswa na magugumaji. Alisikiliza huku akipaa ngege, kisha akasema: "Nyathina (yaani mwanangu), huyu mvuvi wako hajawahi kuingia ziwani. Magugu husukumwa na upepo. Mtu akizingirwa, hangoji muujiza, hungoja upepo ugeuke." Hakunisifu hata kidogo! Lakini alibishana na mvuvi wangu kana kwamba ni jirani yake, na nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu ili nisimalize furaha haraka. Nimeuandika mwisho upya.

Aliyenitajia Tuzo ya Mabati-Cornell, ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 na sasa inaitwa Safal-Cornell, asante. Kweli hupokea hata miswada ya Kiswahili isiyochapishwa. Wangu bado mfupi, ila nimepata pa kulenga.

Mjomba? Yuleyule. "Mwandishi ameamka?" Bado inaniuma, na machozi yangu yako karibu, kwa hiyo mlioniahidi ngozi ngumu, sijaiona. Mama haulizi ninaandika nini, ila siku hizi akiniona na kalamu humtuma ndugu yangu dukani.

Swali jipya: mnaolala chumba kimoja na wadogo zenu, madaftari mnayaficha wapi?