Udereva wa basi au wa treni ya chini ya ardhi New York: kipi kinamfaa anayeanza?

Mzizima_BX

Wakuu habari zenu. Nipo Bronx, makaratasi ya ukaazi yako sawa, na nina leseni ya kawaida ya New York ya daraja D. Nyumbani nimeendesha mabasi ya mkoani. MTA, shirika la usafiri wa umma la New York, wakitangaza mitihani ya kuajiri nataka nijue nijaze fomu ya basi au ya treni. Mtaani kila mtu ananiambia treni ndiyo raha, unajifungia kwenye kachumba kako na hakuna abiria wa kukutukana. Naomba majibu ya wanaoijua kazi yenyewe: leseni, mafunzo, kazi inavyokwenda, na hasa mtu anaharibu wapi mpaka anaingia matatani. Mshahara tuuache, viwango vya kazi hizi mbili vinakaribiana.

---

GiaNamba1

Karibu mkuu. Mimi nitajibu upande wa basi.

Leseni ya nyumbani huku haihesabiki, unaanza upya. Unatakiwa uwe na CDL (leseni ya udereva wa magari ya biashara) daraja B yenye alama ya P, yaani ruhusa ya kubeba abiria, tena isiwe na kizuizi cha breki za upepo. Hapo kuna mtego: ukifanyia mtihani kwenye gari lisilo na breki za upepo, leseni inatoka na kizuizi, na depo hawaitaki. Kwa hiyo chagua gari la mtihani kabla ya kumlipa mtu wa shule ya udereva.

Utaratibu wenyewe: unapima afya kwa daktari aliye kwenye orodha ya serikali kuu (cheti kinadumu miezi 24 kikizidi sana), unafanya mtihani wa maswali, unapewa kibali cha mwanafunzi. Kibali hicho lazima ukae nacho siku 14 kwa uchache kabla ya mtihani wa barabarani. Tangu tarehe 7 Februari 2022 anayechukua CDL daraja B au alama ya P kwa mara ya kwanza lazima pia apite mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali kuu, na sehemu ya nadharia inataka asilimia 80. Usilipie mafunzo kwa mtu ambaye hayumo kwenye sajili hiyo, maana matokeo yako hayataingia kwenye mfumo.

Sehemu inayoangusha watu ni kukagua breki za upepo. Kariri mpangilio huu, na kila hatua itamke kwa sauti:

1. Weka vigingi kwenye matairi, acha injini ijaze upepo mpaka kompresa ikate, kwenye psi 120 na kitu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo).
2. Zima injini, washa swichi tu, achia breki ya kuegesha. Subiri dakika moja: geji isishuke zaidi ya psi 2.
3. Kanyaga breki yote na uishikilie dakika moja. Isishuke zaidi ya psi 3.
4. Sasa kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia. Taa au kengele ya upepo mdogo lazima ije kabla ya kushuka chini ya psi 60.
5. Endelea kukanyaga. Kati ya psi 45 na 20 kitufe cha breki ya kuegesha kinachomoka chenyewe.

Ukiruka hatua umefeli papo hapo, hata kama barabarani ungeendesha kama malaika. Kosa la kawaida ni kusahau kuachia breki ya kuegesha kwenye hatua ya 2. Hapo unakuwa hujapima kitu, maana upepo haujaingia kwenye vyumba vya breki za springi.

Ukishaajiriwa, kitakachokusumbua wewe ni upande wa barabara. Nyumbani kona ya kubana kwa basi refu ni ya kushoto, huku ni ya kulia. Basi la futi 40 matairi yake ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele, yanakata kwa ndani. Kwa hiyo unajitenga kidogo na ukingo, unasonga mbele moja kwa moja kuliko unavyodhani inatosha, ndipo unakata usukani huku jicho likiwa kwenye kioo cha kulia, kwenye tairi la nyuma. Ukiwahi kukata, tairi linapanda ukingoni, na pale kwenye kona ndipo watu wanasimama kusubiri taa.

Mkia nao una mambo yake. Sehemu inayobaki nyuma ya matairi ya nyuma inarushwa upande wa pili wa kona. Ukitoka kituoni na kukata usukani wote kushoto, mkia unakwenda kulia na kufagia nguzo ya kituo au mtu. Toka na usukani kidogo kwanza, basi lisogee, ndipo uongeze.

Lakini kona ya hatari kuliko zote ni ya kushoto. Nguzo ya kioo cha mbele ikiungana na kioo cha pembeni inaficha mtu mzima, na kama anatembea sawasawa na mzunguko wa basi, anabaki amefichika kuanzia mwanzo wa kona hadi mwisho. Dawa ni kuinama mbele na nyuma kwenye kiti wakati wote wa kukata, na mwendo usizidi wa mtu anayetembea. Tangu 2014 jiji lina kifungu 19-190: dereva akimgonga na kumjeruhi mwenye haki ya kuvuka, ni kosa la jinai, faini hadi dola 250 au kifungo hadi siku 30. Madereva wa mabasi wameshakamatwa kwa kifungu hicho.

Mlango wa nyuma ukiwa wazi mfumo unashika breki wenyewe na mafuta hayaendi. Wengi wanauzoea na kuacha kuvuta breki ya kuegesha. Usiuamini. Hasa ukishusha ngazi-telezo ya kiti cha magurudumu: vuta breki ya kuegesha kwanza, inamisha basi, ndipo ushushe. Abiria akishaingia, kiti kinafungwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kwenye fremu. Usifunge kwenye magurudumu wala kwenye sehemu inayochomoka.

---

TaaYaNjano

Anayesema treni ni raha hajawahi kushuka relini na tochi katikati ya vituo viwili.

Ni kweli CDL haitakiwi. Badala yake unaingia kwenye mafunzo wanayoyaita School Car, na hayo ni ya miezi, wakati ya basi ni ya wiki. Sababu ni kwamba treni ukiijua kuiendesha bado hujajua kitu. Lazima uijue njia: kila taa iko wapi, inaangaliwa kutokea umbali gani, mteremko unaanzia wapi, na ukikwama pale unatokea wapi.

Mkono wa kuendeshea unabanwa chini muda wote. Ukiuachia treni ikiwa inakwenda, breki ya dharura inapiga. Hata chafya ujifunze kuipiga bila kunyanyua kiganja.

Taa nyekundu ya New York si onyo tu. Kando ya reli kuna mkono wa chuma unaosimama taa ikiwa nyekundu. Ukipita, unagonga vali iliyo chini ya behewa, upepo wote unatoka na treni inajisimamisha. Baada ya hapo huondoki kwa hiari yako. Unaita kituo cha uongozi kwa redio, unaeleza, unasubiri, na mara nyingi unatolewa kwenye treni ukapimwe dawa za kulevya na pombe.

Wageni wananaswa na taa za kupima mwendo. Zinabaki nyekundu ukizisogelea, na zinafunguka tu ukiwa chini ya mwendo ulioandikwa kwenye kibao. Zilizidi kuongezwa baada ya ajali ya daraja la Williamsburg ya Juni 1995, treni ilipoigonga ya mbele yake kwa nyuma na dereva akafa. Ukizidisha mwendo kidogo, mkono wa chuma haushuki kwa wakati. Ukiogopa sana na kutambaa kila mahali, unachelewesha msururu mzima nyuma yako na msimamizi atakuuliza. Kwenye njia ya L na ya 7 kompyuta ndiyo inayolinda mwendo, habari inakuwa tofauti.

Kwenye makutano ya reli taa ni mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu inakuambia kama mbele kuko wazi, ya chini inakuambia unapelekwa wapi. Kijani juu ya kijani ni njia kuu, kijani juu ya njano unachepushwa. Watu wa mnara, wanaopanga njia za treni, wakikukosea ukapewa njia isiyo yako, unatakiwa usimame useme. Ukiifuata, kosa ni lako pia. Wengi wenye miaka kazini wameumia hapa, kwa sababu mwili umezoea kijani na mkono unasogea kabla ya kichwa kusoma taa ya chini.

Treni ikipiga breki ya dharura yenyewe, kwanza ni redio: namba ya treni, uko reli gani, karibu na taa gani. Kisha unajaribu kurudisha upepo. Ukirudi, bado huondoki kabla sababu haijatafutwa. Usiporudi, unashuka na kukagua behewa moja moja: bomba la upepo lililochomoka, uchafu uliogonga ile vali, au mtu. Mtu chini ya treni kwenye redio ni 12-9. Hapo kwanza omba umeme ukatwe, na usidhani umekatwa mpaka uthibitishiwe. Reli ya tatu, ile inayobeba umeme wa treni, ina volti 625 za mkondo mnyoofu, na ubao unaoifunika unakinga kwa juu tu.

---

MlangoWaKati

Wote mmesahau njia ya tatu: ukondakta wa treni. Njia nyingi za New York bado zina watu wawili, dereva mbele na kondakta katikati ya treni. Mafunzo yake ni mafupi kuliko ya dereva, na madereva wengi wa treni walipanda kutokea ukondakta au basi kwa mtihani wa ndani.

Kazi inaonekana ya kufungua milango, ila ndipo watu wanapoponzwa. Treni ya mabehewa 10 ya futi 60 ina futi 600, na vituo vingi treni hiyo inaingia bila nafasi ya kuchezea. Dereva akisimama kabla ya kibao chake, behewa la mwisho linabaki handakini. Kwa hiyo tangu 1996 kondakta lazima akinyooshee kidole kibao chenye milia myeusi na myeupe kilicho katikati ya jukwaa kabla hajagusa mlango. Kisipokuwa mbele ya dirisha lako, usifungue. Milango ikae wazi si chini ya sekunde 10, ukishafunga uangalie mbele na nyuma, na treni ikiondoka kichwa kibaki nje kuangalia jukwaa kwa futi 75. Anayefungua upande usiokuwa na jukwaa hata mara moja, jambo lake ni zito.

Na hilo la "hakuna abiria wa kukutukana" si kweli. Kichwa kikiwa nje ya dirisha, wapo wanaokitemea mate au kukipiga treni inapoondoka. Dereva wa basi walau amewekewa kizuizi pembeni ya kiti.

---

Mzizima_BX

Asanteni sana wakuu. Nimebakiwa na matatu. Zamu zikoje kwa mgeni? Macho, navaa miwani. Na choo, maana nasikia watu wa basi wanateseka.

---

GiaNamba1

Zamu zote zinachaguliwa kwa ukongwe, basi na treni. Wakongwe wanachagua kwanza, wewe unabaki kwenye orodha ya akiba: unaziba mapengo, usiku, wikiendi, sikukuu. Kwenye basi kuna pia zamu ya kukatika, asubuhi ya msongamano, mapumziko marefu katikati, halafu jioni tena. Kama depo iko mbali na nyumbani, hayo masaa ya katikati hayana faida kwako. Zingatia kwamba ukongwe unahesabiwa kwenye cheo. Ukihama basi kwenda treni, unarudi mwisho wa foleni ya kuchagua.

Choo ni kweli. Njia ya basi ikiwa na mwisho usio na choo cha wafanyakazi, unategemea duka la jirani. Kabla ya kuchagua njia, waulize walioko depo ile njia ina choo upande gani.

---

TaaYaNjano

Miwani haina shida ukifikia kiwango ukiwa umeivaa. Shida ni rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani asipoteze ada ya fomu ya treni. Kapime kwa daktari wa macho kwanza, ni jambo la dakika chache.

Kwa watu wetu niongeze moja. Kazi zote hizi ziko chini ya sheria ya serikali kuu ya kupima dawa za kulevya: kabla ya kuajiriwa, kwa kushtukiza, baada ya ajali, na ukishukiwa. Bangi ni halali jimbo la New York tangu 2021, lakini kwa kazi hii ni marufuku hata ukivuta ukiwa likizo. Mirungi nayo usijidanganye kwamba ni majani ya kahawani. Kemikali yake, kathinoni, iko kwenye kundi la kwanza la dawa zilizokatazwa Marekani.

---

MlangoWaKati

Jaza fomu zote zitakazofunguliwa, hazizuiani, ila ada ni ya kila mtihani. Orodha ya waliofaulu ikishatoka inaweza kuishi hadi miaka minne, na wanaitwa kwa mpangilio wa alama, kwa hiyo usikimbilie kupita tu. Anwani ukibadilisha, watumie taarifa siku hiyo hiyo. Barua ya kuitwa ikirudi kwa kuwa umehama, jina lako linarukwa. CDL unaweza kuianza sasa hivi bila kusubiri orodha yoyote.