Gari limepaki, injini inaunguruma: faini apigwe dereva au mwenye gari?

Mleta mada

Wakuu, jambo hili linaniumiza muda mrefu, naomba tulijadili. Gari limepaki, dereva yuko ndani anamsubiri mtu, injini inaunguruma. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Nyuma yake watu wanapita, wakiwamo watoto wa shule, ambao kwa kimo chao pua ziko karibu na bomba la moshi kuliko zetu.

Wengi husema ni uvivu au dharau. Mimi kila nikipata nafasi huwauliza madereva wenyewe, na jibu ninalolisikia zaidi ni woga: "Nikizima, haliwaki." Betri imechoka, stata inasuasua, na hakuna dereva anayetaka kuomba abiria washuke wasukume. Wengine hutaja kiyoyozi. Kompresa yake huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo ukizima kinakupulizia joto.

Halafu kuna lile fundisho la zamani kwamba kuwasha hula mafuta kuliko kuliacha gari kwenye sailensi, yaani likiunguruma bila kutembea. Lilikuwa na ukweli wake enzi za kabureta, ulipovuta choki na kukanyaga mafuta mara mbili tatu ndipo gari likakubali. Injini za sasa hupimiwa mafuta na kompyuta. Ikiwa injini imeshapata moto, kuiwasha tena ni sawa na kuiacha iungurume sekunde 10 hivi. Zikipita hizo, unachoma bure. Gari dogo la petroli hula kama nusu lita hadi lita moja kwa saa likiwa limesimama, na zaidi kiyoyozi kikiwaka. Lori kubwa la dizeli hufika kama lita 3. Na huo moshi wa dizeli, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la 1: vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Uingereza, kuacha injini ikiunguruma bila sababu kwenye barabara ya umma ni kosa, na faini yake ni pauni 20, ikicheleweshwa inakuwa 40. Anayebanwa hapo ni aliyeshika usukani. Jiji la New York linawabana zaidi wenye biashara: mwisho ni dakika 3, karibu na shule dakika 1, na raia anayerekodi video ya lori au basi lililokiuka hupewa asilimia 25 ya faini.

Msimamo wangu ni huu: kwa gari la biashara, faini iende kwa mwenye gari. Dereva wa kuajiriwa hanunui betri. Tajiri anayekataa kubadilisha betri iliyokufa ndiye aliyeamuru injini isizimwe, hata kama hakufungua mdomo. Mnasemaje?

Dereva wa basi

Mkuu, betri umeieleza vizuri ila umesahau upepo. Breki za basi na lori ni za upepo. Mfumo ukiwa na mahali panapovuja, ukizima robo saa tu geji imeshashuka, na breki ya kupaki haiachii mpaka upepo ujae tena. Ina maana ukiwasha bado hamwondoki, mnasubiri, na abiria wanaanza kugonga viti wakiuliza tatizo nini. Ndiyo maana siruhusu upepo ushuke. Bosi nimemwambia habari ya mvujo huo mara tatu.

Fundi

Naongeza la gereji. Watu wanaamini injini ikiwa kwenye sailensi haichakai. Dizeli ikikaa hivyo muda mrefu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yanaganda. Kama lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kichujio hicho hujisafisha kwa joto kali la injini inayofanya kazi, kwa hiyo likiunguruma limesimama kila siku kinaziba. Jingine ambalo wenye magari hawalifikirii: saa hizo zote odometa haizihesabu. Mtu anabadilisha oili kwa kilomita, kumbe injini imezunguka saa nyingi ambazo hazikuandikwa popote.

Ila tusiwaambie watu wazime ghafla kila wakati. Gari lenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, likitoka kupanda mlima na mzigo, liache dakika moja au mbili, oili iendelee kupita kwenye beringi za tabo zipoe. Kisha zima. Zaidi ya hapo hakuna sababu ya kifundi.

Mchangiaji

Mnawahurumia madereva kupita kiasi. Jirani yangu ana gari jipya kabisa, betri haina tatizo, na kila asubuhi analiungurumisha chini ya dirisha langu huku yeye anachezea simu. Woga uko wapi hapo? Anasema analipasha moto. Injini ya sindano, yaani isiyo na kabureta, hupata moto haraka zaidi ikitembezwa taratibu kuliko ikisimama, nimemweleza hivyo na hajaacha. Mtu kama huyo apigwe faini yeye mwenyewe, na iume.

Halafu hakuna aliyetaja kabonimonoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Anayelala ndani ya gari linalounguruma kwenye gereji iliyofungwa anaweza asiamke. Sheria inalinda hata roho ya dereva.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji, kwa jirani yako sina utetezi. Gari ni lake, uamuzi ni wake, faini ni yake. Tena naona nilikosea kuuweka woga mbele ya kila kitu, maana kwa magari binafsi starehe ina nafasi kubwa kuliko nilivyoandika.

Ila soma tena alichoandika dereva wa basi. Mara tatu ametoa taarifa. Ukimpiga yeye faini, mvujo unabaki, kesho basi lile lile linatoa moshi mahali pale pale, na aliyepungukiwa ni mwenye mshahara mdogo. Faini ikifika kwa tajiri, bomba la upepo litabadilishwa wiki hiyo hiyo. Gari la wagonjwa, lori la zege linalozungusha tangi, gari la zimamoto likiwa kazini, hayo sheria iyaachie waziwazi ili asionewe mtu.

Fundi

Naunga mkono, na nitakupa mfano. Yapo magari yanayozima yenyewe kwenye foleni na kuwaka ukiachia breki. Yametengenezwa na stata imara na betri maalumu. Betri hiyo ikifa, mwenye gari anaagiza ya kawaida kwa kuwa ni nafuu. Haidumu, mfumo unaacha kuzima, na dereva anaambiwa, "Usizime, litakusumbua." Agizo hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na aliyelitoa hakuwa dereva.

Dereva wa basi

Basi mkiiandika hiyo sheria, wekeni na kifungu kimoja kwa ajili yetu. Siku nitakapoulizwa kwa nini sikuzima nikaonyesha kwamba niliripoti mvujo, nisifike kesho yake nikakuta funguo za basi kapewa mwingine.