Hamamu ya Hamamni: wakaazi wapewe au wasipewe?

Mkaazi wa Kajificheni: Hamamu, yaani bafu la watu wote, aliyoijenga Sultani Seyyid Barghash pale Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nasema ikabidhiwe watu wa mtaa waitengeneze na waiendeshe wenyewe. Maji yarudi, moto uwashwe, ziwepo siku za wanawake na siku za wanaume, sisi tulipe kidogo na mgeni alipe zaidi. Sasa iko mikononi mwa serikali, mgeni anakata tiketi, anapiga picha ndani ya vyumba vikavu, anaondoka. Mtaa unapata nini?

Fundi chokaa: Jengo lile ni mawe na chokaa. Mkishachangishana mtakimbilia saruji kwa kuwa inakauka upesi. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inakula jiwe, plasta inabanduka vipande vipande. Chokaa inataka kulowekwa siku nyingi, kupigwa na kungojewa. Watu wa Mji Mkongwe hawana subira hiyo. Nyumba zao wenyewe wamezikandika saruji, na zilizobaki wamewauzia wenye hoteli.

Binti wa Malindi: Nani kauza? Nyumba ngapi zilichukuliwa na serikali baada ya 1964, wakatiwa watu chumba kwa chumba, matengenezo hakuna? Aliyepewa chumba kimoja cha chini atabadilisha boriti za dari ya nani? Boriti zimeoza, ukuta umeanguka, leo tuambiwe tumeuza!

Fundi chokaa: Sikukutaja wewe, dada. Lakini nyumba za urithi zimeuzwa, kila ndugu anataka fungu lake. Hilo unalijua.

Binti wa Malindi: Ninalolijua ni kwamba umewatukana wazee wetu.

Mzanzibari wa Glasgow: Jamani, hamamu. Huku kuna mabafu ya Govanhill. Halmashauri ya jiji iliyafunga 2001, wakaazi wakaingia wakalikalia jengo kwa miezi mpaka wakatolewa kwa nguvu. Hawakukata tamaa, wakaunda jumuiya yao, na ukarabati wakausimamia wao. Kwa nini sisi tusiweze?

Mtu wa Ng'ambo: Aliye mbali ni mwepesi wa kutupangia. Na hamamu yenyewe Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Watu wa Ng'ambo, huku mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hatukuoga humo hata siku moja. Tuchangie kwa lipi?

Mwalimu wa historia: Ya mke wa Kiajemi ni Kidichi, huko shamba, 1850. Hamamni ni ya Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Aliyemjengea ni Haji Gulamhussein, ikawa ya watu wote, na ilifanya kazi mpaka karibu na 1920. Barghash huyo huyo ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje. Na kama yupo atakayesema serikali ndiyo yenye wataalamu: Jumba la Maajabu lilikuwa mikononi mwa nani sehemu yake ilipoanguka 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili? Nijibiwe hilo.

Mtu wa Ng'ambo: Wote gani, mwalimu? Utumwa ulikuwa halali hapa mpaka 1897. Kuni za kuchemshia maji yale zilibebwa na nani? Mnazungumzia kuba na mapambo, hao hamuwataji.

Mwalimu wa historia: Wametajwa leo, na umefanya vyema kuwataja. Waandikwe pale pale mlangoni, kila anayeingia asome. Lakini hiyo si sababu ya kuliacha jengo life.

Mkaazi wa Kajificheni: Basi kamati iwe ya Mji na Ng'ambo pamoja. Nililosema tangu mwanzo ni funguo zitoke ofisini zije kwa watu.

Mtu wa Ng'ambo: Tangu mwanzo ulisema watu wa mtaa. Maneno yako yapo hapo juu.

Mzanzibari wa Glasgow: Na hayo maji yatatoka wapi? Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani tulikuwa tukinunua kwa ndoo.

Fundi chokaa: Miye niko tayari kuwafundisha vijana kuchoma na kuloweka chokaa, wa Mji na wa Ng'ambo, na malipo sitaki. Lakini aliyesema nimewatukana wazee aliondoe neno lake kwanza.

Binti wa Malindi: Siliondoi.